Bibi wa Chakula cha Asili

Ihanda, Karagwe
12 Februari 1984

Mdogo wangu Evangelina,

Pokea salamu za huku nyumbani. Sisi tu wazima, mvua imenyesha ya kutosha na maharage yameota mpaka njiani. Yule mbuzi mweusi alizaa mapacha, akamlalia mmoja akafa, sasa anamlilia kana kwamba ameuliwa na mtu mwingine. Joviana wa jirani ameolewa Kihanga, na mahari yake baba yake aliinywa yote kabla bibi harusi hajafika kwa mumewe. Hayo ndiyo ya huku.

Sasa mambo yenyewe. Ulikuja hapa baada ya Noeli umevaa viatu vya ngozi, ukamwambia mama, twende ukaone chuo ninachofanyia kazi, ni wiki mbili tu. Nikakufungia ndizi, nikakupa na kuku. Nilidhani naazimisha mama kama mtu anavyoazimisha ungo, na ungo hurudi. Februari inafika katikati na mama sijamwona.

Najua wewe ni matroni wa jiko la wanachuo, mtu mkubwa. Najua pia kwamba huko mnakula chakula kisichoguswa na dawa, na mbolea mnatengeneza wenyewe kwa samadi na majani. Ni vizuri. Hapa tunafanya hivyo tangu babu, ila hatujawahi kupigiwa makofi.

Barua hii anayo Polikarpi, dereva wa lori la kahawa. Nimempa pia sukari ya mama. Usiniulize nimeipata wapi. Duka la kijiji halina hata chembe tangu Noeli, na wanaovuka nayo mto kutoka ng'ambo wanakamatwa. Lakini unamjua mama, chai isiyo na sukari kwake ni maji ya kunawia, na akiikosa anasusa mpaka chakula.

Kahigi wa baba mdogo amepita hapa mara nyingi mwezi huu. Anaitazama migomba yetu kama mnunuzi anavyotazama ng'ombe mnadani. Anasema jiko la mama limezimika. Nikamwambia nawasha mimi kila asubuhi, akacheka. Mrudishe mama kwa lori hilohilo la Polikarpi. Nyumba imekuwa kubwa mno bila yeye.

Dada yako,
Adelgunda


Chuo cha Kilimo cha Asili
Kyerwa
20 Machi 1984

Dada Adelgunda,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kazi, si kwa kukudharau. Mimi ni mzima na mama ni mzima kunishinda. Mvua huku ni nyingi, bustani ya wanachuo imejaa mchicha na mnavu, na tumechimba mashimo mapya ya mboji ambayo hata watu wa kilimo wilayani walikuja kuyaona.

Nadhani huelewi jumuiya yetu inavyoishi, kwa hiyo nakueleza. Hapa hatuli kitu kilichopita dukani. Ndilo sharti letu sote, kuanzia Mkuu wa chuo, Mwalimu Egbert, mpaka mchunga mbuzi. Sukari, mafuta ya kopo na mkate mweupe havivuki lango. Mbolea ya chumvichumvi na dawa ya unga hazitajwi hata kwa utani. Kwa hiyo Polikarpi aliponikabidhi sukari yako pale langoni, watu wote wakitazama, sikuwa na pa kuipeleka. Nimeimwaga kwenye lundo la mboji. Mboji imechemka vizuri.

Mama alilia siku za kwanza kama mtoto anayeachishwa ziwa, kisha akanyamaza. Sasa anakunywa uji wa ulezi na maji ya mchaichai. Ngozi yake inang'aa.

Nikuambie pia jambo la kukufurahisha, kama bado unafurahi. Wafadhili wetu wa ng'ambo wanapokuja, Mwalimu Egbert humtoa mama mbele ya watu na kusema, huyu ni Bibi Dafroza, ana miaka zaidi ya themanini, na tangu azaliwe hajala ila kilichotoka kwenye udongo wake. Anapewa jembe, anakwatua kidogo, wanampiga picha. Wanachuo wamempa jina, wanamwita Bibi wa Chakula cha Asili. Tangu aje, mimi nimehamishiwa nyumba ya bati yenye sakafu ya saruji. Sisemi zaidi, usije ukaugua.

Kuhusu Kahigi, yule ni ndugu yetu. Sijui unamwogopea nini. Wewe ulirudi kutoka kwa mumeo na kikapu kimoja, ukapokewa, ukalishwa. Nyumba ile ni ya marehemu baba na haijawahi kuwa yako. Mama atakaa huku hadi Pasaka, kisha tutaona.

Mdogo wako,
Evangelina


Ihanda
2 Aprili 1984

Evangelina,

Salamu ni za Mungu, kwa hiyo nakupa. Huku Mzee Leonidas amefariki. Alikuwa kwenye rubisi na wenzake, akasema anasikia baridi, wakamcheka, walipomaliza kucheka alikuwa amekwisha. Tumemzika jana na wenzake walirudi kwenye pombe ileile kwa sababu ilikuwa imebaki.

Umemwaga sukari. Mtu mwenye akili angempa hata mgonjwa, hata mlinzi wa lango. Wewe umewapa wadudu wa takataka, na mama yako akakutazama.

Na huyo bibi asiyekula cha dukani ni nani? Mimi mama ninayemjua alikuwa akilamba siagi ya kopo kwa kidole, na marehemu baba hakuthubutu kurudi kutoka Bukoba bila mkate mweupe, maana angelala nje. Huyo ndiye amefika miaka themanini. Mwambie Mwalimu wako Egbert aje aniulize mimi, nimwambie ni makopo mangapi yamezikwa nyuma ya nyumba hii.

Sasa nakuandikia bila kuzunguka. Kahigi aliwaita wazee wa ukoo, wakaketi hapa uani kwetu, kwenye viti vyetu. Akasema asiyekuwepo na lake halipo. Akasema mjane anashika kibanja cha mumewe, nyumba na migomba yake, mradi jiko lake linatoa moshi, na jiko la Dafroza halijatoa moshi tangu Noeli. Nikasimama nikauliza, na moshi mnaouona kila asubuhi ni wa nani? Wakasema huo ni moshi wako wewe, na wewe ni mwanamke uliyekwisha kuolewa, moshi wako uko kwa mumeo. Wamenipa mpaka kahawa ianze kuiva. Ikiiva na mama hayumo ndani ya nyumba hii, Kahigi anakichukua kibanja na mimi natoka.

Sina pa kwenda, Evangelina. Mume wangu ana mke mwingine na watoto wanaofanana naye. Wanangu wawili wamelala hapa nyuma, chini ya ule mgomba wa ndizi za kuchoma, na kila nikipalilia nawasalimu. Wewe huwezi kulielewa hilo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nawe Mungu alikuepusha na uchungu huo.

Mrudishe mama.

Adelgunda


Chuo, Kyerwa
6 Mei 1984

Dada,

Shikamoo. Tulikuwa na Pasaka njema. Wanachuo waliimba vizuri, tukala njugu mawe, magimbi na mboga za kienyeji, na hakuna aliyeumwa tumbo. Nimeyasoma uliyoandika kuhusu mzazi na mwana. Nimeyaweka.

Mama ameniaibisha. Wiki ya baada ya Pasaka walikuja wafadhili, wanaume wawili na mwanamke mmoja mrefu. Mwalimu Egbert akamleta mama mbele, amevaa kaniki safi, na mimi nikasimama pembeni yake ili nitafsiri kutoka Kinyambo. Yule mwanamke akainama akamuuliza, bibi, siri ya umri wako ni nini? Nikamfikishia mama swali. Mama akajibu kwa sauti, na unaijua sauti yake: “Waitu, ni sukari! Mwambieni huyu binti yangu aniletee sukari, ameninyima tangu nije.”

Wageni wakanitazama wakisubiri. Nikawaambia, anasema ni mboga za majani na kumcha Mungu. Wakapiga makofi. Mama kusikia makofi akadhani ombi lake limekubaliwa. Akakinga mikono yote miwili, akatulia hivyo, akisubiri aletewe. Wakampiga picha palepale. Wanasema itawekwa kwenye kalenda yao, kwa sababu ni picha ya mtu anayeomba baraka.

Mambo yangeishia hapo, lakini wanachuo wanaojua Kinyambo walicheka, na Mwalimu Egbert aliniita ofisini kuniuliza walichekea nini. Nimepata taabu ya kujieleza. Kwa hiyo nimemwekea mama utaratibu. Anakula chumbani peke yake, haendi tena mabwenini kuomba-omba, na mlango nafunga mimi. Amepungua mwili kidogo, ni yale mafuta mabaya ya dukani yanamtoka. Mwili ukijisafisha hupungua.

Siwezi kumtoa sasa. Wageni wengine wanakuja Juni na picha yake wameshaiona.

Evangelina


Ihanda
15 Mei 1984

Evangelina,

Salamu. Barua yako niliisoma nimesimama barabarani. Nilicheka mpaka Polikarpi akaniuliza nimepata habari gani njema. Kisha nikafika pale kwenye mikono ya mama na kicheko kikaniishia mdomoni.

Siku iliyofuata nilipanda lori nikaja. Hukuambiwa? Nilifika kwenye lango lenu na vumbi langu. Mlinzi akafungua kikapu changu, akakuta sabuni na mkate, akaviweka chini kwa ncha za vidole kama ameshika panya. Akaenda ndani kuuliza. Aliporudi akaniambia matroni anasema anayetaka kumwona bibi aandike kwanza barua. Nilikaa pale mpaka lori lilipogeuza. Niliwaona wanachuo wakipita na matoroli ya majani, wakiimba, na mmoja akanipungia mkono.

Basi naandika barua. Naomba kumwona mama yangu. Kahawa imeanza kubadilika rangi.

Adelgunda


Chuo, Kyerwa
9 Juni 1984

Dada,

Shikamoo. Huku hatujambo. Polikarpi anakuletea mama. Umemlilia sana, mpokee.

Alishikwa na homa mwezi uliopita. Tumempa maji ya mubirizi, yale majani machungu, asubuhi na jioni kama jumuiya inavyofanya kwa wote, na hatukuona haja ya kumjaza vidonge vya zahanati. Homa inapanda na kushuka. Wageni wanafika Jumanne na si vizuri wamkute amelala, maana watauliza maswali. Nimemlaza juu ya magunia ya kahawa, ni laini, na nimemwekea jani la mgomba la kumkinga na jua.

Mpe uji wa ulezi. Usimpe sukari, utaharibu kazi yote tuliyoifanya.

Evangelina


Ihanda
20 Juni 1984

Evangelina,

Leo sianzi na salamu. Mama amefariki.

Polikarpi alimshusha akambeba mgongoni mpaka ndani, akaniambia amewahi kubeba vikapu vya senene vilivyo vizito kuliko huyu. Kijana huyo alikuwa akilia, mimi sikulia. Nilimwita mganga wa zahanati. Akamchoma sindano, akaniuliza mgonjwa alikuwa wapi wakati homa inaanza. Nikamwambia alikuwa chuoni. Akasema, chuo cha nini?

Mama aliniomba nimweke karibu na jiko lake. Nikamkalisha, nikamshikisha kuni, akaisukuma mwenyewe motoni. Wazee wa ukoo walipita wakaona moshi wa Dafroza kwa macho yao, na Kahigi alikuwa pamoja nao. Sikumpa uji wako. Nilimpa alichotaka, na alikunywa kikombe kizima. Alikaa nasi siku chache tu. Alhamisi asubuhi nilikuwa nachemsha maji, nikageuka kumwuliza kama anasikia baridi, hakunijibu.

Nilikutumia habari kwa Polikarpi siku hiyohiyo na najua ulizipata, kwa sababu alinieleza ulivyokuwa umevaa. Tulikungoja mpaka jua likawa kali na maiti haikungoja tena. Tumemzika ubavuni kwa baba.

Sasa sikiliza. Mama aliusia kabla hajafa, na akili zake zilikuwa timamu. Nilikuwa peke yangu naye. Alisema kibanja hiki nibaki nacho mimi. Kisha akakuachia wewe neno, akaniapisha nikufikishie.

Wazee wanasema wosia unaotoka katika mdomo mmoja hausimami, hasa mdomo wenyewe ukiwa ndio unaofaidika. Wanataka midomo miwili. Ninao wa pili, ni wako. Baba alipokuwa anakufa, mwaka ule wa vita, aliyasema haya haya, Adelgunda asitolewe hapa. Mimi nilikuwa nimemshika kichwa na wewe ulikuwa umeshika bakuli. Matanga tunaanua Jumamosi ya mwisho ya Julai na wazee wataketi siku hiyo. Njoo useme ulichokisikia kwa baba. Hata nusu saa inatosha, kisha urudi kwenye mboji yako. Sikuombi ulie, wala sikuombi unipe pole.

Adelgunda


Chuo, Kyerwa
8 Julai 1984

Dada Adelgunda,

Shikamoo na pole sana. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Tulimwombea mama kwenye ibada ya asubuhi, wanachuo wote, na Mwalimu Egbert akasema maneno mazito yaliyowatoa wageni machozi. Sikuja kuzika kwa sababu ya wageni haohao. Mama mwenyewe angeelewa, alikuwa mtu wa kazi.

Umeandika kwamba aliniachia neno. Neno gani? Ukurasa mzima umejaza kuni na maji ya moto, na hilo umelipita kama mtu anayeruka dimbwi. Niandikie lilivyo.

Kuhusu kibanja, ni bora ulisikie kwangu. Kahigi alikuja hapa chuoni mwezi wa Aprili na tukazungumza na Mwalimu Egbert. Wafadhili wanataka kuona mahali Bibi alipoishi. Kibanja kitakuwa shamba la mfano la chuo, kwa jina la Kahigi kwa upande wa ukoo, na mimi nitakuwa msimamizi wa upande wa chuo. Patawekwa matandazo ya majani, mashimo ya mboji, bustani ya mboga na banda la kupumzikia wageni. Ni heshima kwa mama. Watu watatoka mbali kuja kuona alikotembea. Wewe peke yako ungemwekea heshima gani?

Kwa hiyo mambo ya baba siyakumbuki vizuri. Mizinga ilikuwa ikilia upande wa mpakani, watu wanakimbia na magodoro, nani angesikiliza maneno ya mgonjwa? Huenda alisema hivyo, huenda hakusema. Nitumie kwanza neno la mama, nami nitajaribu kukumbuka.

Evangelina


Ihanda
15 Julai 1984

Evangelina,

Salamu. Kumbe Aprili. Mama bado yuko hai, umemfungia mlango, nawe unagawa nyumba yake.

Maneno ya baba uliyasikia vizuri kabisa. Uliweka bakuli chini, ukatoka nje ukanuna mpaka jioni, na mama ndiye aliyekufuata kukubembeleza. Mtu hanuni kwa jambo ambalo hakulisikia.

Hatutafanya biashara yako. Wewe ndiye utakayeanza. Njoo Jumamosi ile, simama mbele ya wazee, funua mdomo, sema. Ukimaliza kusema nitakusogelea na kukunong'oneza neno la mama palepale, kabla hujakaa. Usipokuja, basi.

Adelgunda


Chuo, Kyerwa
2 Septemba 1984

Dada yangu mpenzi Adelgunda,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini barua hii itakufikia popote ulipo, nimemwomba Polikarpi akutafute. Sisi huku hatujambo kiasi. Kiangazi kimekuwa kirefu na mchicha umeungua.

Sikuweza kuja ile Jumamosi. Nilikuwa nimekwisha kuvaa, dada. Nilifika mpaka kwenye lango na lori lilikuwa linaunguruma. Kahigi ameniambia kikao kilikwenda kwa amani na wewe ulitoka bila kelele. Nilifarijika kusikia hivyo.

Silali vizuri. Tumepata bibi mwingine kutoka huku huku Kyerwa, ana meno yote na anajua kucheka na wageni, lakini kila anapokinga mikono apewe uji natoka jikoni. Mbuzi wawili wa chuo wametupa mimba. Wenzangu wanasema ni kiangazi. Mimi najua mama aliondoka hapa hajaniaga, alinigeuzia uso pale juu ya magunia, na mzazi akifa na kinyongo huacha neno. Naogopa hata kumtamka.

Nimemwambia Kahigi akuachie lile jiko la nje ulale humo. Kutahitajika mtu wa kufagia banda la wageni, na nimelitaja jina lako. Nikitaka naweza kukufanyia mengi. Nakuomba tu uniandikie alichosema. Kama ni laana iandike ilivyo, nitaipeleka kwa Padri na tutaisomea misa. Kujua ni bora kuliko hivi ninavyokaa. Usinitese, sisi ni wawili tu tuliobaki.

Mdogo wako anayekupenda,
Evangelina


Kihanga
18 Novemba 1984

Mdogo wangu Evangelina,

Nakusalimu sana. Mimi ni mzima. Mvua za vuli zimeanza vizuri na senene wameshuka mwaka huu mpaka kuku wamevimbiwa. Nakaa kwa Nyiransabimana, yule mjane wa Kinyarwanda aliyekuwa akija kutulimia maharage kwa kibarua, na mama akimnung'unikia kwamba anapumzika mno. Sasa kibarua tunakwenda naye wote wawili. Ananisubiri nikichoka. Hajaniuliza swali hata moja.

Nilitoka Ihanda bila kelele, Kahigi hakukudanganya. Wazee waliuliza mara tatu kama kuna mdomo wa pili, na kila walipouliza niliangalia barabarani. Nilitoka na kikapu kimoja, kama nilivyoingia. Ulikuwa na haki ya kunikumbusha kikapu kile.

Mwezi uliopita nilikwenda kuliona shamba la mfano. Nilisimama nje ya ua pamoja na wapita njia. Mmefanya kazi nzuri, lazima niseme. Migomba imefunikwa majani safi mpaka kaburi la mama nalo limewekewa matandazo, na Mwalimu wako alikuwa akiwaeleza wageni kwamba hapa amelala mwanamke aliyekula kutoka kwenye udongo na sasa anaulisha udongo. Wakavua kofia. Nyumba mmeifanya ghala ya samadi. Makaburi ya wanangu hayakuwa na msalaba wa saruji, na chini ya mgomba ule udongo ni laini, kwa hiyo mmepanda karoti. Zimestawi sana. Kijana wenu alizing'oa, akazisuuza kwenye ndoo, na wageni wakazila mbichi wakisifu utamu.

Nilirudi Kihanga kwa miguu. Njiani ndipo nilipoamua kukujibu.

Unauliza kama ni laana. Si laana, Evangelina. Mama alikuwa na kila haki ya kukulaani, na mimi niliyekuwa nimemshika nilikuwa nangoja akulaani, nilitamani. Hakufanya hivyo. Alikuachia neno zuri. Si refu, mtu angelimaliza kwa pumzi moja. Alilianza kwa jina lako la utotoni, lile ambalo sisi wengine tulikwisha kulisahau, na linaeleza jambo ambalo umelitafuta kwake tangu tukiwa wadogo, na ambalo mimi sikupewa hata siku aliyokuwa akifia mikononi mwangu. Ungelisikia ungelala usingizi mpaka uzeeni. Lilinichoma moyo kwa sababu halikuwa langu.

Aliniapisha nikufikishie, na niliapa. Nimevunja kiapo cha mama yangu na nitakijibia mwenyewe huko aliko, nimejiandaa. Usinitumie tena barua, wala jiko, wala ufagio, wala Padri. Neno lako ninalo, nalikumbuka kila herufi, na asubuhi nikienda kibaruani hulirudia kimoyomoyo nisije nikalipoteza. Nitazikwa nalo, popote watakaponizika.

Dada yako,
Adelgunda